Mpendwa Mchangiaji

4 Machi

Kwa Kitinda wangu,

Hongera. Nimeanza na hongera ili usije ukasema dada yako hana adabu.

Video yako ya kuchangisha pesa za gemu nimeitazama mara mbili. Mara ya kwanza peke yangu, kwenye chumba cha nyuma cha kliniki, meno ya mtu yakiwa yanapoa mezani. Mara ya pili pamoja na daktari, msichana wa mapokezi na mama mmoja aliyekuja kupimwa taya. Wote walipiga makofi. Yule mama akasema, "Kumbe mdogo wako ni mtu mkubwa!" Nikamwambia ndiyo, mkubwa, ila kamasi nilimfuta mimi.

Wachukuzi wa Mwezi! Sikutegemea kuliona jina hilo limeandikwa kwa taa. Nilidhani limebaki pale tulipoliacha, kwenye chumba chetu, umeme umekatika, Mama yuko zamu hospitalini, na wewe unalia kwamba giza linakugusa. Nani alikuambia kwamba hilo si giza, ni wachukuzi wanne waliobeba mwezi mabegani, wameutua kidogo wapumzike? Nani alikuambia kwamba yule wa nne, Mashoto, ndiye huchelewa kuinuka? Sisemi ili nidai. Nakumbusha tu.

Na mimi nimechangia. Nimechukua lile daraja la juu kabisa, lile mnaloahidi kwamba mchangiaji atachorwa awe mmoja wa watu wa mjini wanaotazama mwezi ukipita. Ni mshahara wangu wa miezi miwili, na usiniulize tunakula nini. Daktari naye ametoa, na msichana wa mapokezi, kwa sababu niliwaambia huyu ni wa tumbo moja na mimi, hawezi kumdhulumu mtu.

Sasa nina mambo mawili madogo. La kwanza, huyo Mashoto mmemfanya kijana mrefu mwenye tabasamu la tangazo la dawa ya meno. Mashoto ni kibogoyo. Alikuwa kibogoyo tangu siku ya kwanza, ndiyo maana haongei, anapuliza tu, na upepo unatoka. Mimi natengeneza meno ya bandia kila siku ya Mungu na sijawahi kufikiria kumpa Mashoto hata moja.

La pili. Mwishoni mwa video umemshika bega yule mwanamke mwenye miwani, ukasema, "Huyu hapa ni dada yangu, ndiye aliyeichora dunia hii yote." Najua watu huitana dada sokoni, kwenye foleni, hata wasipojuana majina. Najua. Ila msichana wa mapokezi aligeuka akanitazama, akauliza, "Kwani kwenu mko wangapi?" Nikasema nasikia kitu kinaungua, nikarudi chumba cha nyuma.

Mama anakusalimu. Anauliza kama huko mnakofanyia huo mchezo kuna choo.

Dada yako (wa kuzaliwa)


11 Machi

Dada mpendwa, shikamoo.

Nimecheka mpaka Mchoraji akaja kuuliza kuna nini. Dada, wewe! Kwa neno "dada" tu? Hapa hata fundi wa mtandao tunamwita kaka, na mwenye nyumba tunamwita mama ingawa anatudai kodi kama adui. Ulimi uliteleza mbele ya kamera. Nilikuwa natetemeka, basi.

Halafu umesahau kwamba nilikuomba wewe kwanza? Nilikupigia nikakuambia, dada, nataka kuigeuza hadithi yetu iwe gemu, njoo uichore. Ukanijibu, "Mimi nina kazi za watu wazima." Sikukasirika. Nikatafuta mtu.

Lakini sikia habari! Lengo tulilipita siku ya tatu tu. Sasa michango ni mara nne ya tulichoomba. Watu wanaandika kutoka kila pembe, na kila mmoja anataka kitu cha zaidi, na mimi kila mmoja namwambia sawa. Tumeahidi ramani ya kitambaa. Tumeahidi wanasesere wa wachukuzi wote wanne, na sauti za waigizaji kwa kila mtu wa mjini. Tumeahidi hata mji wa pili ng'ambo ya maji, ambao sikuwa nao kichwani mpaka mchangiaji mmoja alipouliza kama utakuwepo. Mchoraji anasema mdomo wangu hufungwa na usingizi peke yake. Gemu itatoka Agosti. Nawe utakuwemo mjini humo, nimekutengea dirisha.

Kuhusu Mashoto, Mchoraji anaona watu hawatapenda kucheza na mtu asiye na meno. Nitazungumza naye.

Mbusu Mama. Mwambie choo kipo, na kina mlango.

Kitinda wako


2 Septemba

Kitinda,

Agosti imepita. Nilidhani labda kalenda ya kliniki ndiyo inayokimbia, nikaenda kuitazama ya duka la jirani. Nayo imepita.

Sikuandika kwa sababu nilikuwa napiga simu. Nimeacha kupiga kwa sababu simu yako inapokewa na yeye. "Yuko kwenye kikao, dada." "Amelala, dada, amechoka sana." "Nitamwambia, dada." Ana sauti nzuri, sikatai. Lakini yeye amejuaje kwamba umelala? Mimi niliyekuwa nakuamsha uende shule, nikikuvuta mguu, leo naambiwa habari za usingizi wako na mtu aliyekufahamu juzi.

Unasema uliniomba. Uliniomba kwa simu, saa ambayo nina mzee ameachama, plasta ya kuchukulia umbo la taya inaganda mdomoni mwake, na anayejua itolewe lini ni mimi. Hiyo si kuomba, hiyo ni kutafuta kukataliwa. Mtu anayetaka kitu kweli huomba mara ya pili.

Hapa kazini sina raha. Daktari hanilaumu, ila kila akipita mlangoni ananiuliza, "Mwezi umefika wapi?" kisha anacheka. Msichana wa mapokezi hacheki. Alitoa akiba yake ili gemu iwe zawadi ya mwanawe akifaulu. Mtoto amefaulu, zawadi haipo. Leo asubuhi ameniuliza kama mnarudisha pesa. Nikamwambia asubiri kidogo.

Kisha nikaingia kwenye ukurasa wenu, nikakuta picha mpya: wewe na Mchoraji mmekaa sakafuni, mmezungukwa na wanasesere, kila mmoja amempakata Mashoto wake. Ana meno mdomo mzima. Na wewe unacheka kile kicheko cha kufumba macho ambacho nilidhani unacho nyumbani tu.

Basi nakuomba jambo moja. Gemu ikitoka, majina ya walioitengeneza yakianza kupita kwenye skrini, langu litangulie lake. Si kwa kutaka sifa. Ni kwa mpangilio tu.

Na je, yeye mnamlipa? Au naye ni ndugu?

Dada yako


20 Septemba

Dada, shikamoo.

Nisamehe kwa kimya. Leo nimejibu wachangiaji tangu asubuhi na wote nimewaandikia "tunakaribia", mpaka neno lenyewe limepoteza ladha. Lakini tunakaribia, dada. Wanasesere wa mwisho walikuja na rangi mbovu, tukawarudisha. Ramani za kitambaa zimechapwa, zimejaa humu mpaka zimeziba dirisha, ila kuzituma ni ghali kuliko kuzichapa. Waigizaji wamesharekodi maneno yote ya mji wa pili, na mji wa pili wenyewe bado haupo. Ni mambo ya kawaida katika kazi hii.

Mwambie msichana wa mapokezi ni Desemba. Desemba bila shaka.

Kuhusu majina, tutaona. Dada, tafadhali, usinifanye nichague.

Kitinda wako


15 Januari

Barua ya wazi, imebandikwa kwenye ukurasa wa michango

Kwa wachangiaji wenzangu wa Wachukuzi wa Mwezi,

Mimi ni mmoja wenu. Agosti tuliambiwa bado kidogo. Desemba tumeambiwa bado kidogo. Nawauliza: kuna yeyote kati yenu aliyewahi kuicheza gemu hii, hata kwa dakika moja? Itazameni vizuri ile video. Hakuna mchezaji anayebonyeza kitu. Ni katuni tu inayopita mbele yetu.

Pesa zetu zimekwenda kwa wanasesere na kwa kodi ya ofisi. Zimekwenda kwa mchoraji ambaye hata hajui anachora nini, maana Mashoto hakuwa kijana mzuri hata siku moja. Mashoto ni kibogoyo, na kila aliyeijua hadithi hii kabla haijauzwa analijua hilo. Hata hadithi yenyewe si yao. Imechukuliwa kwa aliyeitunga, bila hata asante.

Mimi nadai mchango wangu urudishwe. Nanyi daini yenu. Atakayenyamaza leo asije akalia kesho.

Mdai Haki


19 Januari

Dada mpendwa, shikamoo.

Umeiona? Najua umeiona, kila mtu ameiona. Mamia wameshadai kurudishiwa pesa zao. Wenye ukurasa wa michango wamelizuia fungu la mwisho walilokuwa hawajatukabidhi. Ile kampuni iliyotaka kutuongezea mtaji imeandika mstari mmoja tu, ikajitoa.

Nikuambie ukweli ambao sijamwambia mtu. Mdai Haki hakusema uongo. Video ile ilikuwa katuni. Nilitaka kuonyesha jinsi gemu itakavyokuwa, watu wakaamini ndivyo ilivyo, nami nikawaacha waamini kwa sababu ilikuwa tamu. Kilichopo ni mtaa mmoja, mapaa machache, na mwezi ambao kila ukikaribia mwisho wa mtaa unaanguka, na sijui kwa nini. Nimeutafuta ugonjwa wake mpaka nimechoka. Pesa zimekwisha. Zilizobaki hazitoshi kuwarudishia hata robo ya wachangiaji.

Lakini dada, kinachoniuma zaidi si hicho. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Tangu barua ile itoke, kazi yangu ni kukung'uta nguo. Huyo Mdai Haki nikimpata sitamgombeza. Kama unamjua, au ukija kumjua, mwambie aniandikie tu, mstari mmoja, aseme "ni mimi". Sitamuuliza kwa nini. Nitamjibu siku hiyo hiyo.

Nasubiri barua yako.

Kitinda


27 Januari

Pole, Kitinda wangu. Pole sana.

Watu ni wabaya. Huko mtandaoni kila mtu ana ulimi na hakuna mwenye uso. Mimi huyo Mdai Haki nitamjulia wapi? Labda ni mtu anayetengeneza gemu kama yenu. Labda ni mtu wa ndani kabisa, anayekaa ubavuni pako, anayepokea simu zako. Sisemi ni nani, mimi si mtu wa kusengenya. Ila umeitaja mwenyewe hiyo methali, na nguo unazovaa siku hizi si zile za nyumbani.

Ushauri wangu ni huu. Funga hiyo ofisi, agana na Mchoraji, rudi. Chumba chako kipo. Tutaanza upya sisi wawili, polepole, niwe nachora jioni nikitoka kazini. Nimeshaanza hata. Juzi nimemchora Mashoto nyuma ya bahasha, kibogoyo wa kweli, mashavu yameingia ndani. Daktari akaniuliza huyo mgonjwa anakuja lini kuchukua meno yake.

Mama hajui lolote. Nimemwambia mwezi uko njiani.

Dada yako, anayekupenda kuliko wote


3 Machi

Kwa Mchoraji,

Nakuandikia wewe kwa kuwa mdogo wangu hanijibu. Tangu mwisho wa Januari, barua hakuna, simu hakuna. Sasa hata wewe hupokei. Najua uko naye hapo. Najua barua zake unazisoma, na pengine hii nayo ungeisoma bila kuandikiwa.

Nimenyamaza muda mrefu, lakini leo nakuuliza kama mwanamke mwenzangu: umetosheka? Hadithi yangu umeichukua, ukaichora usivyoijua. Jina langu la nyumbani umelichukua, ukaitwa wewe mbele ya watu. Kicheko cha mdogo wangu umekichukua. Sasa ofisi imeingia matatani na mwenyewe amejificha. Mwambie dada yake, yule asiyehitaji kamera, anataka kusikia sauti yake.

Fundi meno, dada yake


14 Machi

Shikamoo dada. (Nisamehe. Mwanamke aliyenizidi umri sina neno lingine la kumwita.)

Siko naye. Niliondoka Novemba, nikiwa na miezi mitano sijalipwa, na sikumdai kwa sababu nilikuwa naona anachokula. Alikuwa anakunywa chai, basi. Kama kuna mtu anakuambia nilikuwa pale Januari, anakudanganya. Simu nilipokea kwa sababu aliniomba. Wachangiaji walikuwa wanapiga wakimtukana, lakini namba yako ndiyo aliyoiogopa kuliko zote. Alikuwa anakaa pembeni yangu, macho makavu, ananionyesha kwa kidole niseme amelala.

Nami nina la kwangu. Nilikuchukia kabla sijakujua. Kila mchoro niliompelekea aliutazama, kisha akasema, "Dada angeweka kivuli upande huu." Au, "Dada asingempaka rangi hii." Nikadhani dada huyo ni marehemu, maana walio hai hawasifiwi hivyo. Nilipojua kwamba uko hai, una simu, na unatengeneza meno ya watu, wivu ulinishika nikashindwa kushika kalamu. Yule Mashoto nilimpa meno makusudi. Siku ya kwanza kabisa mdogo wako aliniambia ni kibogoyo. Nilitaka awepo mtu mmoja katika mji ule ambaye ni wangu, si wako.

Siku ile aliponiita dada nilijiona nimevikwa taji. Kamera ilipozimwa tu akaniambia, "Samahani, ulimi umeteleza." Taji lenyewe halikupata hata kunikaa sawasawa.

Habari za kibogoyo, dada, tulizijua watu watatu: yeye, mimi na wewe. Mimi ile barua sikuiandika. Mengine mnayajua wenyewe.

Nasikia amepata kazi kwenye kampuni inayotengeneza programu za bili za maji. Anakokaa sasa sipajui.

Mchoraji


30 Machi

Ndugu Mdai Haki,

Mpendwa mchangiaji,

Tunathibitisha kwamba ombi lako la kurejeshewa mchango uliotoa kwa mradi wa Wachukuzi wa Mwezi limepokelewa na kukubaliwa. Mchango wako wote wa daraja la juu umetumwa leo kwenye akaunti uliyotumia kuchangia. Wachangiaji wengine watarejeshewa kwa awamu, kadiri vifaa vya ofisi vitakavyouzwa, na baada ya hapo kutoka katika mshahara wa mwenye mradi.

Kwa kuwa ulitaka kutangulia, jina lako limewekwa la kwanza.

Nafasi yako dirishani imefutwa, kama masharti ya marejesho yanavyoelekeza.

Tunakushukuru kwa kutuamini.

Mwenye mradi


2 Aprili

Kitinda,

Nilikuwa nachonga nta ya jino la mbele, la mwalimu mmoja, ujumbe ukaingia. Nikausoma. Jino lile nimeliharibu, nikaanza lingine, nalo nikaliharibu. Msichana wa mapokezi akanikuta nimekaa tu, kisu mkononi. "Umefiwa?" Nikamwambia hapana, nimelipwa.

Umejua tangu lini? Au usinijibu. Nilipokuwa naandika neno lile, kibogoyo, mkono ulisita. Nikaulazimisha.

Sina cha kujitetea. Nilipokuona pale sakafuni na yeye, mnacheka, nilihisi kama nimerudi nyumbani nikakuta mtu amelala kitandani kwangu, amejifunika shuka langu, na wewe unamwimbia. Nikajiambia namtetea msichana wa mapokezi. Uongo. Mtoto wake hakunipitia hata akilini.

Sikutaka pesa, Kitinda. Hilo nimelijua leo, zikiwa zimeshafika. Nilitaka unikatalie. Nilitaka uniandikie, "Wewe sikurudishii, wewe si mchangiaji." Ungewalipa wote, mimi ukanidhulumu, ningetembea kifua mbele. Badala yake umenilipa vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kunilipa.

Katika pesa hizo nimempa msichana wa mapokezi zake na daktari zake, kwa hiyo hao usihangaike nao tena. Zilizobaki sijui nizifanyie nini, kila nikizifikiria natamani kunawa mikono. Nimeandika pia pale pale ukurasani, chini ya Mdai Haki, kwa jina langu la kweli, kwamba hadithi ni yetu sote wawili, maana pasingekuwepo wa kulilia giza nisingetunga chochote. Wengi wamenitukana. Wachache wamesema heri. Aliyefuta dai lake hakuna.

Nataka kuja. Mlango siujui. Niambie nije, au niambie nisije.

Dada


16 Juni

Dada, shikamoo.

Nimechelewa kukujibu makusudi, na naliandika hilo ili usihangaike kunitafutia udhuru.

Unauliza tangu lini. Tangu mstari ule ule. Barua yangu ya Januari nilikuandikia nikiwa najua. Nilikuachia mlango wazi, na taa nikawasha. Ukapita, ukaenda kumsingizia mtu aliyekuwa ameshafunga virago zamani. Kukosea ningekuelewa. Hilo la kumsingizia bado halijanishuka. Na uliponiambia rudi nyumbani tuanze upya, niliilaza barua yako kifudifudi mezani, nikawa nakula nikiwa nimeipa kisogo.

Kazi ninayo. Natengeneza programu inayowakumbusha watu kwamba wanadaiwa maji, kwa hiyo siku hizi nachukiwa kwa mshahara. Nusu yake inakwenda kwa wachangiaji. Wengine wamenisamehe, wengine wananiita mwizi kila mwisho wa mwezi na kupokea wanapokea. Mji wa pili nimeufuta kwenye orodha ya ahadi. Ule mtaa mmoja nimeutoa bure, kila anayetaka acheze, na nimeandika juu yake kwa herufi kubwa: HAIJAISHA NA HAITAISHA. Ndiyo ahadi ya kwanza niliyowahi kuitimiza katika kazi hii.

Mchoraji nimeanza kumlipa ile miezi yake. Alipopata ya kwanza akaniandikia kunishukuru, akaongeza kwamba siku hizi mnaandikiana, na kwamba wewe ni mcheshi sana. Dada, nilikaa kitini nikasikia kitu kinanipanda kifuani, na nikakijua jina lake. Mcheshi kwa nani? Mimi hujanichekesha tangu mwaka jana.

Sasa na mimi nikuambie moja. Mchoraji anaamini kwamba siku ya video ulimi wangu uliteleza, nawe nilikuambia hivyo hivyo. Haukuteleza. Nilijua utatazama. Miaka yote niliyokuwa najifunza kazi hii nilikuwa nakupigia, nakueleza leo nimefanikiwa hiki, leo nimekwama hapa. Ulikuwa unanijibu, "Vizuri, vizuri," na nyuma ya sauti yako nasikia mashine ya kung'arishia meno, hukuwahi kuizima hata mara moja. Nilipokuomba uje uchore, ukaniambia una kazi za watu wazima. Nikasema basi, acha aone kiti chake kinakaliwa. Nilitaka uumie kidogo tu, kiasi cha kufunga safari. Sikujua una nafasi kubwa hivyo ya kuumia. Usidhani nakuomba radhi. Nakueleza.

Naogopa nikikuambia usije utakubali haraka. Kwa hiyo andika: nakaa uani kwa fundi viatu, barabara ya nyuma ya ofisi za maji, mlango wa bluu uliobanduka rangi. Usiulize jina langu, hawalijui. Ulizia binti wa bili.

Bado nina hasira nawe, dada. Njoo zikiwa bado zipo. Zikiisha nitakuwa mpole, nitakupa kiti kizuri, nitakuuliza habari za safari, na tutadanganyana mpaka uondoke.

Kitinda